Flashi ya Canon na Nikon au ya Godox? Pima Hivi Kabla ya Kulipa

Napiga picha za sendofu na harusi hapa Dar es Salaam. Kwa kazi ya ukumbini nashauri Godox, kampuni ya China ya flashi na taa za picha, bila kusita: fedha ya flashi moja kubwa ya Nikon inakupa mbili, na usiku wa harusi ukiwa na flashi moja tu ikagoma, umekwisha.

Ila anza na kamera yako. Tazama pale juu flashi inapochomekwa. Kamera nyingi zina kidoti kikubwa cha chuma katikati. Canon 2000D, 4000D na 250D, ambazo wanaoanza kazi huzipenda, zilitoka bila kidoti hicho. Flashi rahisi kama Yongnuo YN560 IV au Godox TT600 hutegemea hicho tu, kwa hiyo ukizichomeka hapo haziwaki. Muuzaji anaweza asijue. Nenda dukani na kamera yako.

Halafu TTL: flashi hutoa mmweko mdogo, kamera inaupima na kupanga nguvu, kisha mwanga halisi unatoka. TT600 haina hiyo. Nguvu unaipanga mwenyewe. Meza kuu, watu wamekaa, hakuna shida. Maharusi wanaoingia wakicheza ni jambo jingine, umbali unabadilika kila hatua. Hapo chukua Godox TT685 II au V860 III, zenye TTL, na uhakikishe ni toleo la kamera yako kwa herufi iliyo mwishoni mwa jina: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony.

Namba ya nguvu kwenye boksi huwapoteza wengi. Nikon SB-5000 huandikwa 34.5, V860 III huandikwa 60, mtu akadhani Godox ina nguvu karibu mara mbili. Nikon imepimwa zoom ya kichwa cha flashi ikiwa kwenye 35mm, mwanga ukiwa umetawanyika, Godox kwenye 200mm, mwanga ukiwa umekusanywa. Canon 600EX II-RT, nayo ikipimwa kwenye 200mm, ni 60 vilevile.

Kwenye betri usibane fedha kabisa. V860 III ina betri ya lithiamu, inayotoa takriban mimweko 480 ya nguvu zote. Lakini ikiisha huko Ifakara, duka la jirani halina. Ndiyo maana flashi yangu ya akiba inatumia betri nne za AA, zile za kuchaji.

Flashi ya kampuni ya kamera naisifu kwa anayefanya kazi nje: 600EX II-RT imezibwa dhidi ya vumbi na unyevu, na SB-5000 ina mfumo wa kujipoza.

Kabla ya kulipa, piga ukuta mweupe mara kumi kwa nguvu zote, ukisubiri taa ya utayari kila mara. Linganisha picha. Inua kichwa juu, tikisa kidogo, uone kama kinakaa. Ikikosa kuwaka hata mara moja, omba nyingine.