Jinsi ya kuomba kiti kwenye gwaride la Trooping the Colour London, pamoja na mambo ya viza

Wengi wanalijua hili gwaride la kuadhimisha kuzaliwa kwa mfalme wa Uingereza kwa ile picha ya familia ya kifalme imejazana kwenye kibaraza cha kasri la Buckingham inaangalia ndege za jeshi zikipita, afu wanadhani unajiendea tu siku yenyewe na kukaa. Kusimama barabarani ni bure kweli, hakuna wa kukuuliza. Ila kiti pale uwanjani kwenyewe, Horse Guards Parade, kinaombwa miezi kadhaa kabla, na kwa sisi ambao lazima tupate viza kuna mpangilio wake, ukianzia katikati unajikuta una tiketi ya ndege na huna pa kukaa, au una kiti safi kabisa na viza hamna.

Kabla hujagusa fomu yoyote jua kwamba magwaride ni matatu, sio moja. Yanafanyika Jumamosi tatu, mwishoni mwa Mei mpaka katikati ya Juni hivi. La kwanza linaitwa Major General's Review, la pili Colonel's Review, la tatu ndo lenyewe la mfalme, King's Birthday Parade. Hayo mawili ya mwanzo ni mazoezi kwa jina tu, wanavaa kila kitu, farasi wapo, bendi zote zipo, muziki ni uleule. Tofauti ni kwamba mfalme hayupo na ndege za jeshi la anga hazipiti. Colonel's Review mara nyingi anakuja mtu wa ukoo wa kifalme kukagua, mwaka 2023 alikuja Prince William, siku yenyewe joto kali mpaka baadhi ya askari wakazimia na zile kofia zao za manyoya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, kama unachotaka ni muziki, elekeza nguvu zako kwenye hayo mawili. Siku kubwa kila mtu anaitaka, viti vinapatikana kwa droo, na kupanga safari nzima ya nje ya nchi juu ya droo ni kujitafutia presha. Iombe, ndio, kuomba hakuumi, ila safari isiitegemee.

Maombi yenyewe yanapitia websaiti rasmi ya Household Division, hiki ndo kikosi kinachobeba walinzi wa mfalme wote. Kawaida dirisha linafunguliwa mapema mwaka, miezi ya baridi kule kwao, na likifungwa limefungwa. Unajaza jina, imeili, unachagua gwaride gani na unataka viti vingapi. Jina andika kama lilivyo kwenye pasipoti, usiandike lile la mtaani, maana mlangoni utaonyesha kitambulisho chenye picha na kwa mgeni hicho ni pasipoti. Soma vizuri ukurasa wa mwaka huo kwa sababu utaratibu wanaugusagusa, gwaride gani liko kwenye droo na lipi linanunuliwa moja kwa moja, mwisho wa kuomba lini, kila mtu mwisho viti vingapi, yote yanaandikwa pale. Ukishatuma tulia. Ukibahatika unaletewa imeili ya kulipia na inakuwa na muda wake, usipolipa kiti kinaenda kwa mwingine, kwa hiyo hiyo miezi chungulia mpaka kwenye spamu, na hakikisha kadi yako imefunguliwa kufanya malipo ya nje. Mtu akikuletea tiketi kwa bei ya kutisha kwenye makundi ya mitandaoni achana naye, tiketi hizi zina majina.

Sasa viza. Pasi za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zinahitaji viza ya Uingereza, na unayoomba ni ile ya mgeni wa kawaida, Standard Visitor, inakupa mpaka miezi 6. Unaomba kwenye GOV.UK, websaiti ya serikali ya Uingereza, na hapa pana jambo la kuangalia, huruhusiwi kuomba zaidi ya miezi 3 kabla ya tarehe ya kusafiri, maana yake kwa gwaride la Juni mlango unafunguka Machi. Ndo maana nasema kiti kwanza, viza ifuate, ndege mwisho kabisa. Unajaza fomu mtandaoni, unalipa, unachagua siku ya kwenda kituo cha viza kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na majibu kwa kawaida ndani ya wiki 3 baada ya hapo. Kwa kawaida sio kila mara, jipe nafasi.

Kwenye nyaraka weka pasipoti, stetimenti za benki za miezi kadhaa, barua ya kazini inayosema una likizo na unarudi, au karatasi za biashara yako kama umejiajiri, na utakakofikia. Kitu watu wanasahau, karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza au Kiwelishi lazima iambatane na tafsiri iliyothibitishwa, kwa hiyo kama barua ya mwajiri au leseni yako ni ya Kiswahili mtafute mtafsiri mapema. Tiketi ya gwaride iambatanishe, inaonyesha safari ina sababu na tarehe, ila usidhani itakubeba, wanachoangalia ni kama una uwezo wa kujilipia na kama utarudi. Na pesa isitue kwenye akaunti ghafla wiki moja kabla ya kuomba, hilo linaonekana na linauliziwa.

Viza ikitoka ndo ununue ndege.

Siku yenyewe, shuka treni za chini kituo cha Westminster, Charing Cross, Embankment au St James's Park, kote unatembea kidogo tu. Gwaride linaanza saa 5 kamili asubuhi lakini wewe uwe umeshakaa kabla ya saa 4, barabara zinafungwa na mikoba inapekuliwa na foleni haijali umetoka wapi. Mavazi ni ya heshima, wanaume koti na tai, wanawake gauni au nguo nadhifu ya mchana, kofia ukipenda. Mwavuli sahau, unaziba wa nyuma, beba koti la mvua jepesi. Maji pia, tumeshaongelea waliozimia.

Na kwa nini nasisitiza kiti, ni kwa sababu ukiwa barabara ya The Mall bendi inakupitia mara moja na imekwisha. Uwanjani unakaa nazo zaidi ya saa nzima. Jumla ni askari zaidi ya 1,400, farasi 200 na wanamuziki wapatao 400, kuna bendi ya wapanda farasi yenye ngoma kubwa za fedha zimebebwa na farasi wakubwa kweli, kuna mwendo wa pole na mwendo wa haraka, na kuna pale bendi zote zikiwa zimeungana zinageuka papo hapo katikati ya uwanja bila kuacha kupiga, wanaita spin wheel, wengine wanarudi nyuma wengine wanakwenda mbele wengine pembeni na mwisho wote wametazama upande mwingine, inasemekana haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha gwaride. Walinzi wa miguu wana vikosi vitano, kumjua nani ni wa kipi hesabu vifungo vya koti vilivyopangwa, kimoja kimoja ni Grenadier, viwili viwili Coldstream, vitatu Scots, vinne Irish, vitano Welsh.

Kuhusu mwezi Juni, King Charles amezaliwa Novemba, ila gwaride la kuadhimisha kuzaliwa kwa mfalme, ambalo lipo tangu 1748, Edward VII ndo aliliweka kiangazi kwa sababu na yeye alizaliwa Novemba na hali ya hewa ya mwezi huo haifai. Kama umekosa kiti siku kubwa simama The Mall au ukingo wa bustani ya St James's, fika kama saa 3, na likiisha fuata umati polisi wanapouachia kuelekea Buckingham, ndege zinapita saa 7 mchana.

Ukikosa yote matatu kuna Beating Retreat, onyesho la bendi za jeshi, uwanja uleule, jioni, siku chache tu wakati huohuo wa kiangazi. Hili ni la muziki mtupu, na tiketi zake hazina droo, unanunua mtandaoni ukawahi tu.