Kabla ya kukubali kingamwili ya majaribio ya lupusi: mambo ya kupanga ukiwa Goma

Sisi wa Kivu tumeshaona dawa za kingamwili, yaani protini zilizotengenezwa zishike kitu kimoja maalumu mwilini, zikiokoa watu. Wakati wa Ebola iliyoanza 2018, wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walijaribiwa dawa nne, na Agosti 2019 jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa mbili kati yake, zote za kingamwili, zilikuwa zinaokoa wengi kuliko nyingine. Moja, mAb114, chanzo chake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kwa hiyo dada mwenye lupusi akisikia kuna kingamwili mpya inatafuta watu wa kujaribiwa, moyo unamruka, na mimi simlaumu.

Ila hizi si dawa za namna moja. Kingamwili ya Ebola inashika kirusi. Ya lupusi inapunguza nguvu ya kinga yako mwenyewe, maana katika lupusi kinga ndiyo inayoshambulia ngozi, viungo, damu na figo. Belimumab, iliyokubaliwa Marekani 2011, inazuia ujumbe unaozipa seli B, chembe za kinga zinazotengeneza kingamwili, maisha marefu. Anifrolumab, iliyokubaliwa 2021, inaziba mlango ambao interferoni, ujumbe unaoamsha kinga, huingilia, na wanaoitumia hupata mkanda wa jeshi zaidi. Tena dawa ya namna hii haitoki mwilini upesi. Kwa kawaida kingamwili huchukua kama wiki tatu ndipo nusu yake iishe damuni, kwa hiyo utaishi nayo miezi kadhaa hata ukichomwa mara moja tu. Kidonge kikikusumbua unaacha kukimeza. Hii ikishaingia, imeingia. Ndiyo maana nasema jambo la kupanga kwanza ni wiki zinazofuata sindano, kuliko hata siku ya sindano yenyewe.

Chukua homa. Mtu akishikwa na homa usiku pale Ndosho au Majengo, tunatuma mtoto farmasi ya jirani: dawa ya malaria, parasetamoli, pengine na antibiotiki, kisha tunangoja kukuche. Aliye ndani ya jaribio asifanye hivyo. Homa yake inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa maambukizi ambayo kinga iliyopunguzwa haiwezi kuyazuia, inaweza kuwa lupusi yenyewe imeamka, au dawa. Apimwe usiku huohuo, na walio kwenye jaribio wajue. Sasa kaa chini uulize: namba ninayopewa inapokelewa saa nane za usiku? Anayepokea anasema Kiswahili? Nani analipa pikipiki au gari la kunipeleka hospitali, na hospitali ipi imeshaambiwa habari zangu? Majaribio ya mwanzo ya dawa hizi mengi yanafanyika mbali, Ulaya, Marekani, China, Australia, lakini hata likija karibu, ng'ambo ya mpaka, uliza nani atakupokea upande huu barrière, kizuizi cha mpakani, ikiwa imefungwa. Wakikosa majibu ya maswali haya, mimi ningengoja.

Jua pia kinachotafutwa. Awamu ya kwanza ya jaribio inatafuta dozi ambayo mwili unaivumilia. Watu ni wachache, mara nyingi makumi tu, dozi inaanza ndogo kisha inapandishwa polepole, na unaweza kupangiwa serumu isiyo na dawa yoyote. Basi usiache dawa zako za kawaida, haidroksiklorokwini na prednisoloni, mpaka daktari akuambie. Prednisoloni ya siku nyingi ikikatwa ghafla inaweza kukuangusha. Matumaini ya mwanzo nayo hayatoshi: rituksimabu, kingamwili nyingine, ilisifiwa sana na madaktari wa lupusi, kisha majaribio yake mawili makubwa yakashindwa kuonyesha faida iliyotarajiwa.

Uliza vilevile watu wangapi wanachomwa siku moja. Machi 2006, London, wanaume sita wazima walipewa kingamwili iitwayo TGN1412 mmoja baada ya mwingine, kwa dakika chache tu kati yao, na ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi. Waliokoka wote. Tangu hapo sheria za Ulaya zikakaza: dawa mpya ya namna hiyo, anachomwa mtu mmoja kwanza, anaangaliwa, ndipo wengine wafuate.

Vipimo vya kabla usivione kama usumbufu. Kifua kikuu kilicholala na hepatitisi B vinaweza kuinuka kinga ikishushwa, na VVU navyo vyenyewe hushusha kinga. Kwetu naongeza kipimo cha choo. Kuna mnyoo uitwao strongiloidi unaokaa miaka mingi kimya, na mtu akitumia dawa za jamii ya prednisoloni unaweza kuenea mwili mzima na kuua. Kama hawajaupima, waombe. Useme pia kila unachomeza, hata ile deksametazoni ambayo wengine wanaitumia ili wanenepe, hata mizizi ya mganga. Hapo aibu iwekwe kando kabisa, kwa sababu deksa inashusha kinga na kuwadanganya madaktari juu ya hali yako.

Kadi ya njano itafute leo. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai, na mwenye kinga iliyoshushwa hachanjwi hiyo. Tangu Julai 2016 cheti chake kinatambulika maisha yote, kwa hiyo ukiwa nacho hakuna sababu ya kuchanjwa upya mpakani. Ukikipoteza, mwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza.

Mimba ni suala la peke yake, maana wagonjwa wengi wa lupusi ni wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kingamwili huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, hasa miezi ya mwisho. Zungumza na mume mapema, na ujue uzazi wa mpango utadumu muda gani baada ya dozi ya mwisho.

Karatasi ya ridhaa huja kwa Kifaransa mara nyingi. Dai isomwe kwa Kiswahili, uibebe nyumbani, umpe mtu wa familia aisome bila wewe kuwa karibu. Itafute ndani yake kamati ya maadili iliyolikubali jaribio, nani anatibu na kulipa ukidhurika, na haki yako ya kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Dawa ya majaribio usiilipie. Nauli na chakula cha siku ya sindano ni vizuri wakurudishie. Na anayekuhimiza usaini leoleo, mwambie utarudi kesho kutwa pamoja na dada yako.