Somo: "borrow" na "lend", someni hapa msiniulize tena

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa hili swali mara nne inbox, naliweka hapa kila mtu alione.

1. "Borrow" kitu kinakuja kwako. "Lend" kitu kinatoka kwako.

2. "Borrow from", "lend to".

3. Wakati uliopita ni "borrowed" na "lent". "Lended" haipo.

4. Hapa tulieni. Kinachotuponza ni "azima" yetu. "Niazime kalamu" unaomba upewe, "nimeazima kalamu" ushapewa, neno ni lilelile linaenda pande zote mbili, ndo maana mtu anasema "borrow me your pen". Mimi Ijumaa moja nilichukua kamera ya ofisi nikamwandikia bosi, mgeni asiyejua Kiswahili, "I lent the camera", kichwani nina "nimeiazima". Yeye akaelewa nimegawa mali ya ofisi kwa mtu. Jumatatu naitwa, "ulimpa nani?", na kamera iko kwenye begi hapo miguuni kwangu. Tangu siku hiyo sitafsiri kutoka "azima", napitia kopa na kopesha hata kama ni kalamu: nimekopa ni "borrowed", nimemkopesha ni "lent". Na "borrow me" haisahihiki hata uweke "please", sema "lend me" au "can I borrow".

MASWALI

– Kwa hiyo kama ni hela "borrow me" iko sawa?
Hapana. Soma namba 4.

– Mwalimu wetu alikuwa anasema "loan me", alikosea?
Hajakosea dada, na umeuliza vizuri. Wamarekani "loan" ni kitenzi cha kawaida kabisa, Waingereza wengi wakiandika wanapenda "lend", "loan" wanaiacha iwe mkopo wenyewe. Kwenye mtihani weka "lend", ndo salama.

– Mtu akinielewa si inatosha, mnakuza mambo.
Bosi wangu naye alidhani kanielewa.

– Mkuu, "Lent" ya Kwaresima ndo hiyohiyo?
Hapana, zimefanana herufi tu. Ya Kwaresima inatokana na neno la zamani la Kiingereza lenye maana ya majira ya kuchipua, na huandikwa kwa L kubwa.

– Na choo? "Can I borrow your toilet"?
Choo huondoki nacho kaka. "Can I use".

– Mwanangu anachanganya "teach" na "learn", anasema "learn me".
Mpitishe kwenye fundisha na jifunza, mama, dawa ni ileile. Atunge sentensi tano za kwake kila jioni, asikariri za kitabuni.