Namna ya kupiga picha ya feri kubwa itakayomaliza ubishi

Ukiwaonyesha wapenzi wa feri picha uliyopiga, usitegemee watasifu machweo kwanza. Swali la kwanza ni, "Hii si ile iliyokuwa na jina jingine zamani?" La pili, "Mbona tezi haionekani?" (Tezi ni sehemu ya nyuma ya meli; omo ni ya mbele.) Kabla ya jioni, wawili watakuwa wameshikana mashati juu ya urefu wake. Ninayoyaeleza hapa ni ya kukusaidia urudi na picha zenye majibu ya maswali hayo. Uzuri usikuhangaishe sana. Feri ya mita mia mbili inayokata maji asubuhi ina uzuri wake tayari, wewe usiuharibu tu.

Tafuta namba kabla ya jina

Jina la feri ni rangi tu. Mwenye meli mpya akija, mafundi wanapanda na ndoo zao na kufuta la zamani. Kinachobaki ni namba ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa bahari), tarakimu saba zinazoifuata meli tangu inaundwa mpaka inakatwa chuma chakavu. Utaratibu huu ulianzishwa mwaka 1987 na ukawa wa lazima mwaka 1996.

Mfano wake mzuri, ingawa ni wa huzuni, ni feri iliyoundwa mwaka 1980 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilianza kazi kwa jina la Viking Sally. Mwaka 1990 ikawa Silja Star, mwaka uliofuata Wasa King, na mwaka 1993 ikapewa jina ambalo dunia nzima inalijua: Estonia. Ilizama katika Bahari ya Baltiki usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 1994, na watu 852 wakafariki. Majina manne, namba moja: 7921033. Mwenye picha ya 1985 na mwenye picha ya 1993 wanaweza kubishana siku nzima kama hawajui kwamba wameshika meli moja. (Kiwanda hicho hicho ndicho kilichounda, mwaka 1913, meli iliyoitwa Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kama MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wapenzi wa meli wakifika hapo hawalali.)

Namba hiyo unaweza kuihakiki kwa kalamu. Chukua tarakimu sita za kwanza, zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, endelea hivyo mpaka ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ile ya saba. Kwa Estonia: 49 na 54 na 10 na 4 na 0 na 6 ni 123, na namba inaishia na 3. Isipolingana, umeisoma vibaya kwenye picha, mara nyingi 8 umeiona 3 au 6.

Mahali pa kuitafuta ni tezini, karibu na jina na bandari ya usajili, au ubavuni, au kwenye ukuta wa mbele wa vyumba vya juu. Meli za abiria zinatakiwa pia kuwa nayo mahali palipolala, panapoonekana kutoka angani. Kwa hiyo ukiwa mlimani au juu ya daraja refu, usiidharau sitaha ya juu. Huenda jibu lako limeandikwa hapo.

Kuiwahi

Ratiba inakwambia feri ilitakiwa kuondoka saa ngapi. Kwamba imeondoka kweli, utaambiwa na AIS. Kila meli ya abiria inayosafiri kimataifa inatakiwa kubeba chombo hicho, kinachotangaza kwa redio jina, mahali, kasi na uelekeo. Feri ikiwa inatembea hutangaza kila baada ya sekunde chache. Ikiwa imetia nanga, kila dakika 3. Programu za simu za kufuatilia meli zinaokota matangazo hayo kupitia vipokezi vilivyoko nchi kavu, na penye vipokezi vichache alama ya meli huganda kwenye ramani huku meli yenyewe ikipita mbele ya macho yako. Macho yana haki ya kwanza. Na usiamini sana pale palipoandikwa "inakokwenda", kwa sababu huandikwa kwa mkono na baharia, naye ana kazi nyingine. Mara nyingi utakuta safari ya juzi bado ipo.

Soma ratiba ya kwenda na ya kurudi pia. Kwenye njia maarufu ya pwani ya Norway, kati ya Bergen na Kirkenes, iliyoanza mwaka 1893, meli hupita bandari 34 na safari nzima ya kwenda na kurudi huchukua siku 12. Bandari nyingi ambazo meli hufika usiku ikielekea kaskazini, hufika mchana ikirudi kusini. Aliyesoma upande mmoja wa ratiba anaweza kujiaminisha kwamba bandari fulani haina picha, kumbe amekosa kugeuza ukurasa.

Sasa piga hesabu. Feri ya kasi ya noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, inakwenda mita 10 hivi kwa sekunde. Kama ina urefu wa mita 200, tangu omo ipite mbele yako mpaka tezi ipite ni sekunde 20. Huo si muda wa kutafuta vitufe. Panga kila kitu ikiwa bado mbali.

Mahali pa kusimama

Nikilazimishwa kuchagua sehemu moja tu, nachagua pale feri inapogeuka. Feri nyingi za magari hugeuka ndani ya bandari ili zifunge gati kwa tezi, na katika dakika chache inakuonyesha omo, ubavu, tezi na ubavu wa pili, bila wewe kusogea hatua. Watu wengi husimama mwisho wa gati ambako wanapata omo tu, tena dhidi ya jua.

Jua liwe nyuma yako au ubavuni. Kama feri inatoka asubuhi na upande wako una kivuli, tafuta ng'ambo. Angalia maji pia. Yakipwa, feri hushuka nayo, ukuta wa gati unaziba nusu ya ubavu na maandishi yanapotea. Maji yakiwa yamejaa picha ya karibu na gati inakuwa na heshima zaidi.

Adui mkubwa wa lenzi ndefu ni joto. Jua likishapanda, hewa iliyo juu ya maji hucheza, na madirisha ya feri iliyo kilomita tatu kutoka kwako yanapinda kama yanayeyuka. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Njoo alfajiri au sogea karibu.

Kamera

Hapa sitakaa sana. Shata ya 1/500 ya sekunde inatosha kwa feri inayopita, 1/1000 kama uko karibu au kuna upepo unaokusukuma. Tundu la lenzi f/8. Kwa simu, tumia kamera kuu na usikuze picha kwa vidole, utakata baadaye.

Kuna mambo mawili tu ya kushikilia. La kwanza, feri nyingi ni nyeupe, na kamera ikiona weupe mwingi huugeuza kijivu. Ongeza mwangaza kwa theluthi mbili za hatua, kisha angalia histogramu, ile grafu ya mwangaza kwenye kamera. Ikigonga ukuta wa kulia, rudisha kidogo, maana ubavu ulioungua hausomeki. La pili, nyoosha picha kwa kufuata upeo wa bahari, wala si sitaha. Feri ikikata kona kwa kasi hulala upande, na huko kulala ni habari. Ukiinyoosha meli, umeipinda bahari.

Fremu ambazo lazima uzipate

Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, hawatakuruhusu, lakini tezi na omo zote nenda. Picha ya robo tatu, omo ikiwa mbele na ubavu mzima ukionekana, ndiyo kila mtu anayo. Ongeza ubavu mtupu, meli nzima kuanzia ncha hadi ncha, ukiacha maji mbele yake. Picha hii inachosha kuitazama, lakini ndiyo inayohesabiwa madirisha na maboti ya uokoaji pakitokea ubishi. Kisha tezi, yenye jina, bandari na namba. Kisha bomba la moshi peke yake, kwa sababu ndilo linalobadilishwa rangi kwanza meli ikibadilisha mikono.

Halafu vuta karibu kwenye omo, pale inapokutana na maji. Utaona ngazi ya tarakimu zinazopanda. Kwenye meli zinazotumia mita, kila tarakimu ina kimo cha sentimita 10, na kati ya moja na nyingine kuna nafasi ya sentimita 10. Kipimo kinasomwa chini ya tarakimu. Maji yakigusa unyayo wa 6M, meli imezama mita 6 kamili. Yakigusa kichwa chake, mita 6 na sentimita 10. Unyayo wa 2 iliyo juu yake, mita 6 na sentimita 20. Piga tarakimu hizo omoni, kisha tezini, na tayari umejua feri imeinamia wapi siku hiyo. Karibu na hapo kuna duara lenye msalaba ndani yake. Linaonyesha kwamba chini ya maji, usawa huo, kuna propela ya pembeni, ile inayomsukuma mnyama huyu mkubwa ajisogeze gatini. Kwa kawaida kila propela ina duara lake, kwa hiyo ukizihesabu duara umezihesabu propela bila kupiga mbizi.

Sikiliza honi pia, kwani inakupa sekunde za kujiandaa. Mlio mmoja mfupi: nageuka kulia. Miwili: kushoto. Mitatu: mashine zinarudi nyuma, na povu litaanza kuchemka tezini. Bendera ya bluu yenye mraba mweupe katikati inasema tunaondoka; nusu nyeupe nusu nyekundu, rubani, yule anayeiongoza meli bandarini, yumo ndani.

Ukipiga ukiwa ndani ya feri nyingine, usiegemeze kamera kwenye chuma, inatetemeka yote. Shika kwa mikono, viwiko mbavuni.

Walinzi

Tangu Julai 2004 bandari zinazohudumia meli za kimataifa zinafuata kanuni ya usalama ya ISPS, na uzio unaouona ni matokeo yake. Simama nje yake. Mlinzi akikuuliza, msalimie, mwonyeshe picha, mwambie unapiga meli. Wengi wataishia kukusimulia feri waipendayo. Akisema ondoka, ondoka. Usipige malango, kamera za ulinzi wala nyuso za abiria walio karibu, na droni usiirushe kabla ya kujua sheria ya mahali hapo. Usiku usimulike taa kuelekea chumba cha usukani kwa sababu yoyote ile.

Ukiingia kwenye ubishi

Ubishi mkubwa kuliko wote ni "ipi kubwa". Kabla ya kujibu, uliza kubwa kwa kipimo gani. Tani zinazotajwa kwa feri, zile za GT, zinapima ujazo wa ndani, hazipimi uzito. Color Magic, ya kati ya Oslo na Kiel, ina zaidi ya GT 75,000 na urefu wa takriban mita 224. Moby Fantasy, ya Italia, ina urefu wa mita 237 lakini GT yake haifiki 70,000. Kila shabiki ana haki, mradi ataje kipimo.

Umri nao una mitego. Kuna siku ya kulaza mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, siku ya kushushwa majini na siku ya kukabidhiwa, na kati ya ya kwanza na ya mwisho unaweza kupita zaidi ya mwaka. Sema unataja ipi.

Ubishi unaostahili muda wako ni wa mabadiliko ya umbo. Baada ya ajali ya Estonia, ambayo kifuniko chake cha omo kilikatika na maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, feri nyingi zenye kifuniko cha aina hiyo zilichomelewa zisifunguke tena. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 1996 ukataka feri zihimili maji yakiingia kwenye sitaha hiyo, na nyingine zikaongezewa vipande vya chuma tezini na mbavuni ili zisiyumbe. Nyingine zilikatwa katikati na kuongezwa kipande kizima. Mistari hiyo ya kuchomelea inaonekana jua likipiga ubavu kwa mshazari. Ukiwa na picha ya kabla na ya baada, wewe ndiye mwenye neno la mwisho.

Chini ya picha andika namba, jina la siku hiyo, tarehe, saa, mahali na uelekeo. Kwa mfano: "ikitoka, ubavu wa kulia, saa 12:40 asubuhi, maji yanapwa". Hifadhi faili la asili kama lilivyotoka kwenye kamera. Na ukitaka kuandika jina lako juu ya picha, liandike angani au baharini, popote isipokuwa juu ya tezi.