Kitenzi "get": angalia kinachofuata

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hukariri kwamba *get* ni "kupata", wakaishia hapo. Wakikutana na *get tired* au *get home*, wanakwama. Mimi hufundisha hivi: kiache kitenzi chenyewe, tazama neno linalokifuata.

Hatua ya 1: Kikifuatwa na jina la kitu. Hapo kweli ni kupata, kupokea au kuleta. *Get a job* ni kupata kazi. *Get me a chair*, niletee kiti. Halina ugumu hili, tusonge.

Hatua ya 2: Kikifuatwa na kivumishi. Hapa ndipo penye kazi. Maana yake ni kuingia katika hali fulani, jambo ambalo Kiswahili mara nyingi hulimaliza kwa kitenzi kimoja: *get tired* ni kuchoka, *get wet* kulowa, *get old* kuzeeka, *get angry* kukasirika. Sasa tenganisha kuingia katika hali na kuwa tayari ndani yake. "Nimelowa" ni *I am wet*, maana maji bado yanachuruzika. "Nililowa njiani" ni *I got wet on the way*. "Huwa nachoka upesi" ni *I get tired quickly*, na "naanza kuchoka" ni *I'm getting tired*. Ukiandika *I am get tired*, umezibandika sentensi mbili pamoja. Chagua moja.

Hatua ya 3: Kikifuatwa na mahali. Ni kufika: *get to the office*. Ila *home*, *here* na *there* hazitaki *to*, kwa hiyo ni *get home*.

Hatua ya 4: Kikifuatwa na mtu au kitu, kisha kitenzi kingine. *Get him to sign* ni kumshawishi asaini, na hiyo *to* usiidondoshe. *Get a dress made* ni kushonesha gauni: sindano anayo fundi, wewe umeagiza tu.

Wakati uliopita ni *got*. Kwa umbo la tatu, lile linalokuja baada ya *have* au *has*, Waingereza husema *got*, Wamarekani wengi *gotten*: *she has gotten better*. Lakini *I've got a question*, yaani nina swali, hubaki *got* hata Marekani.

*Get up* (kuamka), *get over* (kupona au kusahau jambo) na wenzao usiwakariri kwa orodha ndefu. Mchukue kila mmoja unapomkuta ndani ya sentensi, umwandike na sentensi yake.