Kupima Ganoderma wa porini dhidi ya MRSA: somo la maabara

Somo hili linahitaji kabati la usalama wa kibayolojia la daraja la pili. Bakteria tunayempimia utomvu wa uyoga huu ni Staphylococcus aureus sugu kwa antibiotiki ya methisilini (MRSA), na huyu hafunguliwi juu ya meza ya kawaida.

1. Kuvuna. Ganoderma ni uyoga mgumu kama ubao, na huota kwenye visiki na miti inayozeeka, mwembe ukiwemo. Mng'oe pamoja na kipande cha gome, piga picha juu na chini, andika aina ya mti, mahali na tarehe. Uyoga mmoja mzima uende hebaria (hifadhi ya sampuli za mimea na uyoga), na kipande cha nyama ya ndani kitunzwe kwa ajili ya kusoma DNA ya eneo la ITS (sehemu inayotambulisha spishi ya uyoga). Usilikimbilie jina la "Ganoderma lucidum": limebandikwa kwa uyoga mwingi wa kitropiki usio huo. Wenye funza, tupa.

2. Kukamua. Kata vipande vyembamba, kausha kivulini au kwenye oveni isiyozidi nyuzi 40, kisha saga. Loweka gramu 50 za unga katika mililita 500 za ethanoli 70% kwa saa 48 ukitikisa. Chuja kwa pamba, halafu kwa karatasi ya Whatman namba 1. Vukiza kwa nyuzi 40 kwenye mashine ya ombwe.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Utomvu unaoonekana mkavu bado huwa na pombe, na pombe huua bakteria. Endelea kuukausha na kuupima hadi uzito usibadilike siku mbili mfululizo.

3. Akiba. Yeyusha miligramu 200 za utomvu katika mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi). Chukua mikrolita 20, ongeza mikrolita 980 za mchuzi wa Mueller-Hinton (chakula cha bakteria): umepata mg 4 kwa mililita, na DMSO ni 2%. Bakteria wakiongezwa, vyote viwili hupungua nusu. DMSO ya 1% bakteria huivumilia. Ukizidisha sana, utakuwa unapima DMSO.

4. Trei ya vishimo 96. Weka mikrolita 50 za mchuzi mtupu kwenye vishimo 2 hadi 10, na mikrolita 100 za dawa (mchanganyiko wa mg 4 wa hatua ya 3) kwenye cha 1. Hamisha 50 kutoka cha 1 kwenda cha 2, changanya, endelea hivyo hadi cha 10, kisha mwaga 50 za mwisho.

Bakteria waliooteshwa usiku mmoja wachanganye kwenye maji ya chumvi 0.85% hadi ukungu ulingane na McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa bakteria kwenye maji). Mililita 0.1 iingie kwenye mililita 9.9 za mchuzi. Weka mikrolita 50 kwenye kila kishimo cha 1 hadi 11 ndani ya nusu saa, kwa sababu wanaendelea kuzaana. Kishimo cha 1 sasa kina mikrogramu 2000 kwa mililita, cha 10 kina 3.9 hivi.

Vidhibiti visiachwe: kishimo cha 11 kiwe na bakteria na DMSO 1% bila dawa, cha 12 mchuzi mtupu. Mstari mwingine uwe na dawa bila bakteria. Antibiotiki ya vankomaisini dhidi ya ATCC 29213 (S. aureus wa kulinganishia) lazima isome mikrogramu 0.5 hadi 2 kwa mililita. Ikitoka nje ya hapo, trei nzima irudiwe.

5. Kusoma. Nyuzi 35, saa 24. Ongeza mikrolita 10 za rangi ya resazurini 0.015%, subiri saa 1 hadi 4. Waridi maana yake wako hai, buluu wamezuiwa. Kishimo cha buluu chenye dawa kidogo kuliko vyote ndicho jibu lako. Rudia siku tatu tofauti.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mstari wa dawa bila bakteria nao umekuwa waridi. Nimechafua?*
Huenda, ila mara nyingi ni kemikali za uyoga wenyewe zinazobadili resazurini. Toa tone kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria). Pasipoota kitu, acha rangi na usome kwa kuotesha.

*Kwa nini tusitumie visahani vya karatasi kwenye agari? Ni rahisi.*
Agari karibu yote ni maji. Terpenoidi za Ganoderma (kemikali za asili ya mafuta) haziyapendi, na polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari) ni kubwa mno kusambaa. Duara dogo lisiloota bakteria linaweza kumaanisha dawa haikutembea, wala si kwamba ni dhaifu.

*E. coli wangu hashtuki hata kwa 2000.*
Kawaida. Ana utando wa nje unaozuia mengi yasiingie, na pampu za kutoa yaliyoingia. Andika "zaidi ya 2000".

*Nimepata 500 kwa MRSA. Bibi yangu ana kidonda sugu, nimpake?*
Hapana, ndugu yangu. Mpeleke hospitali, kidonda kioteshwe maabara na apewe dawa inayofaa. Kwa utomvu ghafi, watafiti wengi huhesabu nguvu kuanzia chini ya 100, na wewe hujapima sumu kwa seli za binadamu. Kutoka uyoga hadi dawa ni safari ndefu: antibiotiki ya pleuromutilini ilitolewa kwenye uyoga mwaka 1951. Lefamulini, iliyotokana nayo, iliidhinishwa Marekani kutibu nimonia mwaka 2019.

*Nitajuaje kama inaua au inazuia tu?*
Kabla ya kuweka resazurini, toa mikrolita 10 kwenye kila kishimo kisicho na ukungu, sambaza kwenye agari, subiri saa 24. Uliweka bakteria takriban 5000 katika ujazo huo. Koloni 5 au pungufu: imeua 99.9%.