Kabla hujamkimbiza mgonjwa kwenye picha ya kichwa

Mtu akipinda mdomo na mkono ukalegea, huku kwetu jibu ni moja: kiharusi. Wazee watasema kapigwa na upepo, watakuja na majani yao, halafu jioni wote mnajikuta kwenye gari la kukodi mnaelekea Mtwara mjini "akapigwe picha". Kwenda ni sawa, tena msisubiri jioni. Ila yapo maradhi yanayojifanya kiharusi, na picha haiyasemi yote. Gari likiwa linatafutwa, fanyeni haya.

Andikeni saa. Si saa mliyomkuta chini, ni saa ya mwisho mtu alipomwona mzima. Kama ameamka hivyo, hesabu inaanzia alipokwenda kulala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na daktari haitoi kabla ya picha kumhakikishia kwamba hakuna damu iliyovuja kichwani. Kwa sababu hiyohiyo msimpe aspirini nyumbani, hata jirani mwenye duka la dawa aking'ang'ania.

Kadi ya bima, fedha taslimu, watu wawili wenye nguvu za kubeba. Pigeni simu kuuliza kama mashine inafanya kazi leo. Hereni, kipini, vibanio vya nywele na meno ya bandia vitolewe. Mwanamke ambaye huenda ana mimba, semeni bila kungoja kuulizwa.

Dawa zake zote ziingie kwenye mfuko, na maboksi yake, na zile za mizizi. Halafu mpimeni sukari. Hapa ndipo nilipoungulia mimi.

Mjomba wangu ana kisukari miaka mingi. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno la mwisho, na siku neno lake lilipogeuka mlio usioeleweka, nyumba nzima ilipotea. Ulikuwa msimu wa korosho. Alimeza kidonge alfajiri akaenda kuokota, uji atakunywa akirudi. Saa tatu wakamkuta chini ya mkorosho, jasho linamtiririka, mkono na mguu wa kulia havina kazi. Mmoja akamnusa mdomo kutafuta uraka, pombe ya mabibo. Hakuwa amekunywa. Mimi, mwenye simu ya intaneti na ujuaji mwingi, nikaamuru gari. Zahanati ya kijiji tuliipita bila hata kupunguza mwendo, nami nikasema kwa sauti kwamba pale hakuna mashine ya picha, tutapoteza muda.

Tulipofika tulipiga kelele za kiharusi tangu getini. Kwa kuwa tulikuja na jibu mkononi, kila aliyetupokea alilichukua hilohilo. Mjomba akaingizwa kwenye CT, ndiyo hiyo mashine ya picha ya kichwa, picha ikatoka safi, nami nikashukuru Mungu. Sikujua kwamba CT huiona damu iliyovuja papo hapo, lakini kiharusi cha mshipa kuziba kinaweza kisionekane kabisa katika saa za mwanzo. Picha safi haikusema mjomba ni mzima. Wala haikusema anaumwa nini.

Zamu ilipobadilika akaja muuguzi mmoja, binti mdogo tu, akauliza: "Huyu mzee ana sukari? Mmempima?" Tukatazamana. Kidole kikachomwa: 1.7, kwa kipimo cha mmol/L. Chini ya 3.9 tayari ni kushuka. Akawekewa maji ya sukari mshipani, na baada ya dakika chache vidole vya mkono wa kulia vikaanza kukunja shuka. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza korosho zake kaachiwa nani.

Sukari ikishuka sana ubongo unakosa chakula, na upande mmoja wa mwili unaweza kulegea sawasawa na wa mtu wa kiharusi. Kuligundua hilo kunataka tone la damu na kijiti cha kupimia sukari, na vijiti vilikuwepo kwenye zahanati ile tuliyoipita.

Halafu tukataka kuondoka naye jioni ileile. Muuguzi akauliza ni kidonge gani. Boksi liko nyumbani! Tukampigia mtoto simu, akatusomea herufi moja moja: glibenklamidi. Hiyo hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee mwenye figo zilizochoka. Akazuiwa, na usiku sukari ikashuka tena. Angekuwa kwetu, tungesema amelala.

Akiwa macho na anameza vizuri, sukari ikiwa chini mpeni kitu kitamu hapohapo. Asiyemeza vizuri msimmiminie chai mdomoni, itaingia mapafuni. Huyo ni wa maji ya mshipani. Na sukari ikiwa sawa, safari ya hospitali iendelee kwa haraka ileile.

Mengine semeni yote mkifika, bila aibu. Kama alitikisika kwa kifafa kabla ya kulegea, semeni, maana udhaifu wa namna hiyo huweza kukaa saa kadhaa, hata siku nzima, kisha ukaondoka. Kama alianguka au aligonga kichwa wiki tatu nyuma, semeni pia, kwani kwa wazee damu huvuja polepole chini ya fuvu, na hiyo mara nyingi CT huionyesha vizuri. Kama ana homa, huenda ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Na kama anatumia dawa za VVU au ameziacha, mmoja wenu amvute daktari pembeni amwambie.

Mkiambiwa MRI, picha ya mashine ya sumaku, ndiyo inayoona kiharusi kichanga kuliko CT, lakini inachukua nusu saa au zaidi, ina makelele, na mgonjwa atulie tuli. Chuma mwilini au betri ya moyo itajwe kabla hajaingia. Ikitajwa sindano ya dawa ya rangi, ya kufanya picha ionekane vizuri, tajeni figo, metformini (dawa ya kisukari) na mzio.

Ombeni picha zenyewe kwenye diski, si karatasi ya majibu peke yake, maana rufaa ya Dar es Salaam haina hodi. Simu moja iwe na chaji. Anayetapika alazwe ubavu, si chali. Na dereva mwambieni apunguze, mbuzi wanalala barabarani.